Siti 1C, Dar kwenda Mwanza: tathmini ya mtu aliyewahi kuwa mhudumu wa ndege

Nimefanya kazi ndani ya ndege miaka 11. Sasa nauza vitenge hapa Mwanza, jirani na Makoroboi, na ndege naipanda kama abiria, mara tatu au nne kwa mwaka, kwenda Kariakoo kuchukua mzigo na kurudi. Wateja wangu huniuliza shirika gani zuri, nami huwajibu kwa mdomo. Safari ya Novemba imenifanya niandike.

Ilikuwa ndege ya pangaboi, imeondoka Dar saa kumi na mbili asubuhi, wahudumu wawili, abiria wamejaa hadi siti ya mwisho. Shirika silitaji. Nikilitaja pamoja na siku na saa, yule binti aliyekuwa kwenye zamu atajulikana kabla ya chakula cha mchana, na yeye hana kosa lolote katika haya.

Mambo ambayo watu hupenda kusoma kwanza nayamaliza hapa. Kaunta walinihudumia vizuri. Mzigo wangu ulizidi kilo nne, nikalipia, risiti nikapewa. Korosho zilikuwa mpya, soda ya baridi, choo kisafi. Tuliondoka dakika kumi baada ya muda. Nilikuwa nimeomba siti ya mbele kwa sababu ya mguu wangu wa kushoto, dada wa kaunta akatafuta kwenye kompyuta yake, akasema imebaki moja tu, 1C, ndiyo ya mwisho kabisa ndege nzima. Nikamshukuru sana. Hiyo siti nitairudia.

Abiria tunapoingia, kazi muhimu ya wahudumu huwa imeshafanyika na sisi hatukuiona. Kabla mlango haujafunguliwa kwa abiria, mhudumu anapita na tochi. Anasoma mshale wa mtungi wa kuzimia moto, uwe kwenye kijani. Anaangalia mitungi ya oksijeni, sanduku la huduma ya kwanza na lakiri yake, shoka, glavu za moto, kipaza sauti cha mkononi. Kuna kofia ya kujikinga na moshi, imefungwa kwenye kifuko chake. Akiivaa inampa hewa kwa kama dakika 15 ili aweze kuingia kwenye moshi na kuutafuta moto. Halafu anakaa kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha kukunja kilichobanwa ukutani karibu na mlango, anafunga mikanda, anaivuta kwa nguvu, anasimama na kutazama kama kiti kinajikunja chenyewe. Kisipojikunja kitaziba njia ya mlango siku watu wanapokimbia. Yote hayo abiria hupewa kama zawadi asiyoifahamu, kisha anakwenda kuandika kwamba juisi ilikuwa ya moto.

Mimi siti 1C ilinikalisha uso kwa uso na kile kiti.

Binti alifunga mlango, akatoa maelezo ya usalama kwa Kiswahili kisha Kiingereza. Nataka nimsifu hapa kwa sababu anastahili. Hakuyakimbiza kama mtu anayesoma risala asiyoielewa. Alipofika kwenye jaketi la kujiokolea alisimama, akarudia: usilijaze upepo ukiwa ndani ya ndege, lijaze ukiwa mlangoni. Mwaka 1996, mwaka uleule tuliopoteza MV Bukoba hapa nyumbani, ndege iliyotekwa angani ilianguka baharini karibu na ufukwe wa Komoro. Walikuwamo watu 175 na walikufa 125. Wengi walikuwa wamejaza majaketi yao mapema, maji yalipoingia yakawanyanyua juu na kuwabana kwenye dari, wakashindwa kupiga mbizi kufikia mlango. Sentensi ile aliyoirudia binti ina watu ndani yake.

Lakini nyuma hawakuisikia. Tangazo lilipokuwa likiendelea, abiria wa siti za nyuma walianza kuulizana, "Amesema nini?" Spika za nyuma zilikuwa zimekufa, au zinakoroma tu. Mhudumu wa pili, kijana mmoja mrefu, hakungoja kuambiwa. Alitembea siti kwa siti akirudia kwa mdomo wake: mlango wako ni ule, jaketi lako liko hapa chini. Kwenye safu ya saba mama mmoja akapapasa chini ya siti, akasema hakuna kitu. Kijana akapiga goti, akatazama kwa tochi, kweli hakuna. Akaenda kwenye kabati akaleta jaketi jingine, akaliweka mahali pake, akamwambia mama, "Hebu liguse mwenyewe, ujue lilipo." Mama akaligusa.

Kuna watu watasema spika ni jambo dogo. Januari 2, 2024, kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege kubwa iligongana na nyingine wakati wa kutua ikawaka moto. Mfumo wa matangazo ulikufa. Wahudumu walitumia vipaza sauti vya mkononi na koo zao, wakatumia milango mitatu kati ya minane kwa sababu mingine ilikuwa na moto nje, na watu wote 379 wakatoka hai. Wajapani waliokolewa na watu waliofundishwa vizuri, na pia vipaza sauti vya mkononi vilikuwepo na vilifanya kazi. Sasa fikiria spika zimekufa tangu asubuhi, halafu na kile cha akiba betri zake hazijabadilishwa. Sisemi ndivyo ilivyokuwa kwenye ndege yetu, kile cha akiba sikukiona. Nasema ukiona kimoja kimeachwa, una haki ya kuuliza cha pili.

Nirudi mbele, kwenye kiti.

Binti alikiteremsha, akakaa, akafunga mkanda wa kiunoni. Akavuta wa bega la kulia, ukaja ukakamata. Mikanda ya begani ya kiti kile ni kama ya gari: ukiivuta taratibu inakuja, ukiivuta kwa ghafla inagoma, ukiiachia inarudi yenyewe. Akavuta wa kushoto. Ukaja, ukaja, ukaja, na alipouachia haukurudi. Ulibaki unaning'inia kifuani kwake kama kamba ya kuanikia nguo. Akaukusanya mkononi bila kutazama, akapiga fundo usawa wa bega, akakaza, akaweka mikono chini ya mapaja na kunyoosha shingo, mkao wa kupaa.

Alipiga fundo bila kutazama. Na fundo lilipokazwa nikaona kwamba utepe pale lilipokaa ulikuwa umeshakunjamana na kutoa nyuzi. Palikuwa pamefungwa mara nyingi kabla ya asubuhi ile, kwa vidole vya wahudumu wengine.

Tumbo langu lilishuka. Si kwa hofu ya kuanguka, nimepaa mara maelfu.

Mwaka 2013 nilikuwa nasukuma toroli la chakula kwenye ndege ya jeti. Toroli kubwa lililojaa hukaribia kilo 100, na chini lina pedeli mbili, nyekundu ya kufunga breki na kijani ya kuachia. Ile nyekundu ilikuwa imelegea. Unaikanyaga, inalala, toroli linaendelea kutambaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeiandika kwenye daftari la hitilafu mara tatu, na mara tatu nilikuta imeandikwa kwa mkono mwingine: itashughulikiwa. Ndege ikaingia kwenye hewa mbaya bila onyo, ikashuka ghafla. Mimi nilipanda, toroli likapanda. Nilishuka mimi kwanza, likanishukia juu ya mguu. Abiria wote walikuwa wamefunga mikanda, hakuna aliyechubuka. Katika kazi yetu kinachotuumiza zaidi ni hewa ya namna hiyo, na huumia sisi kwa sababu sisi ndio tuliosimama. Nilikaa sakafuni dakika 50 zilizobaki. Na jambo ambalo halijaniacha hadi leo si maumivu. Ni kwamba mlango wangu, ule niliokabidhiwa asubuhi ile, nisingeweza kuufikia. Kama tungehitaji kutoka, watu wa upande wangu wangebaki na mlango usio na mtu.

Mtengenezaji wa ndege analazimika kuonyesha kwamba ndege iliyojaa inaweza kutoa watu wote kwa sekunde 90, huku nusu ya milango haitumiki. Hesabu hiyo inamchukulia mhudumu kuwa mzima, amesimama, anapiga kelele. Sheria inataka mhudumu mmoja kwa kila siti 50. Kwenye pangaboi ya wahudumu wawili, akiumia mmoja umebakiwa na nusu ya usalama uliolipia. Kwa hiyo mkanda wa bega la binti yule ulikuwa mkanda wangu pia, na wa yule mama wa safu ya saba.

Wapo wanaojua kidogo watakaoniambia: kiti kile kinatazama nyuma, ndege ikigonga mbele mgongo wake utaegemea. Ni kweli, kwa mgongano wa mbele. Lakini ndege hudondoka, huruka juu, hulalia upande, hugonga maji ikageuka. Hapo ni mikanda ya mabegani ndiyo inayoshikilia kichwa kisigonge ukuta.

Safari ya katikati ilikuwa shwari. Nitaje jambo moja tu. Kijana wa nyuma alimwona bwana mmoja anaweka chaja yake ya akiba kwenye kabati la juu, akamwomba aishushe akae nayo mfukoni. Bwana akanuna, akadai ameinunua kwa bei. Kijana akamweleza kwa upole kwamba zile betri zikipata hitilafu huwaka zenyewe, na kikiwaka kitu kilichofichwa juu huchelewa kuonekana. Januari 2025 ndege ya abiria iliungua paa ikiwa bado chini, Busan, Korea Kusini, watu wote 176 wakatoka hai. Moto ulianzia kwenye kabati la juu. Chaja hizi za kawaida zinazouzwa hapa mjini, zilizoandikwa 20,000 mAh, zina kama watisaa (Wh) 74, na kiwango kinachoruhusiwa bila kuomba kibali ni 100. Kwa hiyo unaruhusiwa kuibeba. Ibebe mwilini, na ikiwa imevimba usiibebe kabisa.

Kisha tukafika ziwani.

Wakazi wa huku wanalijua ziwa letu asubuhi za vuli. Usiku upepo wa nchi kavu huelekea majini kutoka pande zote, unakutana katikati, mawingu yanapanda, ngurumo zinapigwa huko mbali hadi alfajiri. Ukifika saa mbili asubuhi unakuta mabaki yake bado yamesimama kama ukuta. Rubani alitangaza wahudumu wakae. Binti akateremsha kiti, mkanda, fundo. Tulianza kutikiswa. Chini niliona mitumbwi ya dagaa inarudi, taa zimeshazimwa, na mchanga wa Igombe umeanza kuwa mweupe kwa dagaa walioanikwa. Ndege ikashuka kama ngazi iliyokatika. Fundo liliteleza. Niliona bega lake la kushoto linatoka kwenye ukuta, linarudi, linatoka. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mkono mmoja, macho yake yanapita kwetu safu moja baada ya nyingine, midomo inasogea kidogo. Najua alichokuwa anasema moyoni, sote tulifundishwa: mlango wangu upi, nje kuna nini, neno langu la kwanza ni lipi, nani ataniitikia. Kila kupaa na kila kutua unayarudia hayo kimya. Alikuwa anafanya kazi yake kikamilifu akiwa amefungwa nusu.

Kila mtu kwenye ndege ile alikuwa akiwaza Bukoba, najua, kwa sababu hakuna aliyezungumza. Novemba 6, 2022, ATR, ndege ya pangaboi iliyokuwa na watu 43, ilianguka ziwani ikijaribu kutua pale, pua ikazama, mkia ukabaki juu. Walikufa 19. Waliopona, 24, wengi wao walitokea nyuma, wakapokelewa na wavuvi waliofika kwa mitumbwi kabla ya mtu mwingine yeyote. Huku kwetu ndege hupita juu ya maji kabla ya kutua. Mlango, jaketi na mhudumu asiyeumia wa kuufungua mlango ni vitu tunavyovijua kwa majina ya majirani.

Tulitua salama. Na ni wakati ndege inajivuta kuelekea jengo ndipo nilipokumbuka jambo lililonifanya nikose usingizi usiku ule.

Kila ndege ina kitabu kilichoidhinishwa na mamlaka, kinachosema kifaa gani kinaweza kuwa kibovu na ndege bado ikaruka, kwa siku ngapi, na kwa masharti gani. Si uhuni, ni utaratibu wa dunia nzima, na ni wa busara. Kiti cha mhudumu kimo. Mkanda wake ukiharibika, kiti hakitumiki. Kinabandikwa karatasi. Mhudumu anahamia siti ya abiria iliyo karibu zaidi na mlango wake, na siti hiyo haiuzwi.

Siti iliyo karibu zaidi na mlango ule ilikuwa 1C.

Nilisubiri wenzangu washuke. Binti aliposimama kuniaga nilimshika mkono.

"Shikamoo mama, mguu unauma? Niite kiti cha magurudumu?"

"Marahaba mwanangu, mguu haujambo. Nami niliifanya kazi hii. Huo mkanda umeuandika?"

Aliutazama, akalifungua lile fundo taratibu. "Nimeuandika, mama. Niliukuta umeshaandikwa."

"Na hii siti yangu?"

"Niliuliza asubuhi. Niliambiwa ndege imejaa."

Hakuongeza neno, na mimi sikumlazimisha. Alikuwa na dakika 40 kabla ya kuruka tena kurudi Dar. Nilimwambia kwamba yeye ana haki ya kukataa kufanya kazi kwenye kiti kibovu, na rubani ndiye wa kwanza kuambiwa. Alisema, "Najua, mama." Nilikuwa na umri wake nilipokuwa najua vivyo hivyo na bado nikasukuma toroli.

Nilipofika nyumbani Nyakato niliandika barua kwa shirika. Nilieleza mkanda, fundo, nyuzi za utepe, spika za nyuma, jaketi la safu ya saba. Niliweka siti yangu lakini sikuweka maelezo ya binti. Niliandika pia kwamba niko tayari kushushwa kwenye ndege kaunta, nirudishiwe nauli yangu au nisubiri ya mchana, kuliko kukalia siti ya mhudumu. Baada ya siku tisa nilijibiwa. Walinishukuru kwa maoni yangu na kunipa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo. Mkanda haukutajwa hata kwa neno moja. Niliandika tena, fupi zaidi, nikasema sikuomba punguzo, naomba kujua kama mkanda umebadilishwa, na kwamba barua ya tatu itakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Nyota sasa. Wahudumu: tano, na kama zingekuwepo saba ningetoa saba. Vifaa vya wahudumu: moja. Watu wa tovuti hizi hupenda nijumlishe nigawanye kwa mbili. Sitafanya hivyo, kwa sababu ile tano ndiyo iliyokuwa inaziba pengo la ile moja asubuhi nzima, kwa mwili wake.

Ukikaa safu ya kwanza, au ya mwisho karibu na jiko, mtazame mhudumu anapofunga mikanda yake. Mabega yote mawili yamebanwa ukutani? Akisimama, kiti kinajikunja chenyewe? Toroli likiachwa linakaa, au analizuia kwa goti? Papasa chini ya siti yako. Ukiona kasoro, mwambie mhudumu kwanza kwa adabu, kisha liandikie shirika na utaje namba ya siti. Akiandika yeye peke yake huonekana mlalamishi. Abiria akiandika inakuwa barua yenye namba.

Nyongeza, wiki tatu baadaye: nimesafiri tena na shirika lilelile, pangaboi, Mwanza kwenda Dar, nimebeba sato wa kukaushwa wa mdogo wangu. Wahudumu ni wengine. Mkanda wa begani wa kiti cha mbele bado haukubadilishwa, lakini kiti kimekunjwa na kubandikwa karatasi, HAKITUMIKI, na 1C ilikuwa tupu hadi mhudumu alipokuja kuikalia. Abiria mmoja aliachwa kaunta akisubiri ndege ya mchana, nilimsikia akigomba. Mimi nilikaa 3A.